Bwawani na Mtoto Kifuani

Jumatatu ya Pasaka mama mmoja wa Mgololo, jirani wa dada yangu, alipanda gari pamoja na mumewe na watoto wao watatu kwenda mjini kustarehe. Wale wakubwa wawili walikuwa wameahidiwa kuogelea tangu mwanzo wa Kwaresima. Wa tatu alikuwa na miezi minne tu, amebebwa mgongoni. Wakafika kwenye bwawa la hoteli moja ambayo sitaitaja jina, wakalipa kiingilio, wakaingia kwa furaha. Haikupita saa moja mama yule akawa ameaibishwa mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa sababu ya nguo. Yeye alivaa gauni lake la zamani, akajifunga khanga juu yake, kama afanyavyo mwanamke yeyote wa kwetu anaposhuka mtoni. Alipotia mguu majini, kijana mwangalizi wa bwawa akamjia mbio. "Mama, hapa hatuingii na khanga. Ni nguo ya kuogelea tu." Akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. Mama akarudi ukingoni, akakaa akiwatazama wanawe wakicheza na baba yao.

Mara ya pili ilikuwa kwa sababu ya mtoto. Mchanga alilia kwa njaa, mama akampa titi, khanga ile ile ameitupa begani imfunike. Kijana akarudi. Safari hii alikuwa ametumwa, na yaonekana aliona haya mwenyewe, maana alisema huku akitazama miguu yake: "Samahani mama, wageni wananung'unika. Naomba ukanyonyeshee chooni." Wakati huo huo, ng'ambo ya bwawa, walilala wasichana wawili juani, na kitambaa walichovaa wote wawili kisingetosha kushona leso moja ya kufutia jasho. Juu yao hakuna aliyenung'unika.

Mama yule aliniuliza, tulipoonana kwa dada, "Dada, nilikosa wapi? Kwenye khanga au kwenye kunyonyesha?"

Nilimjibu hivi, nami nakuandikia na wewe msomaji vile vile, kwa kuwa swali hili si la mama mmoja. Kwenye khanga kijana alikuwa na haki, ingawa angeweza kusema kwa adabu zaidi. Kwenye kunyonyesha, yeye na hao waliomtuma ndio waliokosa.

MTO NA BWAWA

Wasomaji wa mbali pengine hawaijui Mgololo. Iko wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, ndani ya ile misitu mikubwa ya kupandwa ya Sao Hill, mipaina na milingoti mpaka macho yachoke. Katika sehemu nne za msitu huo, Mgololo ni moja. Hapo ndipo kilipojengwa kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi mwaka 1985 kwa jina la Southern Paper Mills. Mwaka 2004 kikauzwa kwa watu binafsi, na sasa chaitwa Mufindi Paper Mills. Kiwanda kikavuta watu wa kila namna kuja kukaa pamoja na Wahehe na Wabena wenyeji: mafundi wa Dar es Salaam, makarani wa Kilimanjaro, wataalamu wa ng'ambo. Watu wakichanganyika, starehe nazo huchanganyika. Leo mtoto wa mfanyakazi wa Mufindi huomba kupelekwa bwawani sikukuu kama vile sisi tulivyoomba andazi.

Lakini sisi akina mama hatukulelewa bwawani. Tulilelewa mtoni. Na mto, ndugu msomaji, una sheria zake ambazo hazikuandikwa popote. Wanawake wana mahali pao na wanaume wana mahali pao. Ukija njiani wakohoa, ili aliyeko ajue kuna mtu. Kona ya mto na majani ya ukingoni ndiyo yaliyotunza heshima, wala nguo haikuwa na kazi kubwa. Ukioga na khanga, ni sawa. Ukiivua, wenzako ni wanawake.

Bwawa halina kona. Wanaume, wanawake, watoto, wageni na wahudumu wote wako mahali pamoja saa ile ile, na jua liko juu yao. Basi ile kazi iliyofanywa na kona ya mto lazima sasa ifanywe na nguo. Ndiyo maana uchaguzi wa nguo ya kuogelea si upuuzi wa wanawake wa mjini kama wasemavyo wengine. Ni jambo la kufikiriwa vizuri, hasa na mama anyonyeshaye, ambaye nguo yake ina kazi mbili.

KWA NINI KHANGA HAIFAI MAJINI

Wengi hudhani kanuni ya kukataza khanga bwawani ni dharau. Siyo. Khanga ni pamba, na pamba hunywa maji. Ikilowa huwa nzito. Ikifunguka hujizungusha miguuni. Katika maji ya kiuno hilo ni jambo la kuchekesha. Katika maji yapitayo kichwa, mtu ambaye hajui kuogelea vizuri, miguu yake ikifungwa na kitambaa kilicholowa, hupiga mikono mara chache tu kisha huzama, na aghalabu huzama kimya. Gauni pana lina hatari ile ile, maana hujaa hewa kwanza likamgeuza mtu, kisha hujaa maji likamvuta chini.

Iko sababu nyingine ndogo: nyuzi na rangi za khanga hutoka na kuziba chujio la bwawa. Hiyo ni shida ya mwenye bwawa, simwonei sana huruma. Ile ya kwanza ni shida yako.

Kwa hiyo usibishane na mwangalizi juu ya khanga. Ibaki ukingoni, mahali itakapokufaa sana baadaye.

HESHIMA NA KUOGELEA VYAPATANA

Utaniambia, "Kama khanga haifai, basi nguo za kuogelea ni zile za uchi, nami siwezi." Kumbe sivyo. Twende kwanza Unguja.

Kaskazini ya Unguja, katika vijiji vilivyo ukingoni mwa bahari kabisa, wasichana wengi walikua bila kujua kuogelea. Wavulana walirukia maji tangu wadogo, wasichana wakakaa nchi kavu, na moja ya sababu ilikuwa nguo: hapakuwa na vazi ambalo wazazi wangeliridhia. Basi kikatokea kikundi kiitwacho Mradi wa Panje, kikawapa wasichana mavazi ya kuogelea yanayofunika toka kichwani mpaka kwenye vifundo vya miguu, kikawafundisha kuelea, kuogelea na kuokoa mtu anayezama. Na waliojifunza wakafundisha wenzao. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha mwaka 2016 wanafunzi wa shule ya msingi ya Kijini wakijifunza katika pwani ya Muyuni, na picha hizo zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Watoto wale wameelea chali juu ya Bahari ya Hindi, wamejifunika wote, nyuso zimetulia kama za watu waliolala. Maji ni yale yale na wazazi ni wale wale; kilichobadilika ni nguo.

Vazi la namna hiyo lilibuniwa Australia mwaka 2004 na mama mmoja mzaliwa wa Lebanoni, Aheda Zanetti, nalo huitwa bukini. Nayo bikini, ile ndogo, ilionyeshwa Paris Julai 1946 na Mfaransa Louis Réard, watu wakapiga kelele kwamba imefunika kidogo mno. Halafu, miaka 70 baadaye, kiangazi cha mwaka 2016, miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa hiyo hiyo ikakataza bukini kwa kuwa imefunika mno, hata mahakama kuu ya mambo ya serikali ikaingilia kati tarehe 26 Agosti na kusimamisha katazo la mji mmojawapo. Mwanamke ataridhisha nani, basi? Mimi naona heri ajiridhishe mwenyewe, pamoja na dhamiri yake na nyumba yake.

Wala si lazima sisi tuvae bukini. Nimeitaja ili ujue kwamba kati ya ile ndogo kabisa na ile ya kufunika yote iko njia ndefu, na mahali popote katikati waweza kusimama.

NGUO YA MAMA ANYONYESHAYE

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba nguo ya kipande kimoja, ile ya kuvutwa toka miguuni hadi mabegani, haimfai mama mwenye mtoto wa titi. Ni nzuri kwa kuogelea, lakini mtoto akilia itabidi uishushe mpaka kiunoni, nayo imelowa na kugandamana na ngozi. Hapo ndipo aibu ya kweli inapoanza. Kama unayo na huwezi kupata nyingine, angalau iwe na mikanda ya begani inayofunguka.

Bora ni vipande viwili, wala simaanishi bikini. Chini vaa taiti nyeusi au kaptula ya kubana ifikayo magotini. Juu vaa fulana ndefu ya kuogelea, yenye mikono, ifikayo nyongani. Fulana hiyo waweza kuipandisha upande mmoja kidogo tu, mtoto akapata titi, na kichwa chake chenyewe kikafunika kilichobaki. Ukipata yenye zipu mbele ni bora zaidi, kwa sababu hupandishi kitu. Wafungua zipu kidogo, na mgongo na tumbo vyabaki vimefunikwa, jambo la maana katika baridi yetu.

Kitambaa kiwe cha nailoni yenye kuvutika, kisiwe cha pamba. Rangi iwe nyeusi, buluu ya kuiva au maua maua mengi. Nakuambia hivi kwa sababu nyeupe na rangi nyepesi zikilowa huonyesha kila kitu, na maziwa yakichuruzika huacha alama. Maziwa yatachuruzika, hasa ukimsikia mtoto akilia, awe wako au wa jirani. Pedi za kuzuia maziwa usiingie nazo majini, zitavimba kama mkate kwenye chai. Zivae ukitoka.

Tafadhali, nguo isikubane kifuani. Wako akina mama ambao hununua ndogo wakitumaini kuonekana wembamba. Titi la mama anyonyeshaye hujaa na kupungua mara nyingi kwa siku. Nguo inayolibana kwa saa nyingi, au sidiria yenye waya, huweza kuzuia maziwa yasitoke upande mmoja. Maziwa yakikaa huleta uvimbe mgumu, kisha maumivu na homa, na wakati mwingine jipu. Basi ijaribu nguo wakati titi limejaa, kabla mtoto hajanyonya. Ikikutosha hapo, itakutosha siku zote. Na kabla ya kuingia majini mnyonyeshe kwanza: utaogelea kwa raha na yeye atalala.

Utaipata wapi? Maduka ya Mafinga na Iringa yanazo, lakini si mara zote za ukubwa wetu, na bei yake wakati mwingine humfukuza mtu. Wengi watakwenda mnadani kwenye mitumba. Siwezi kukulaumu, ila kuwa mwangalifu. Nguo za ndani za mitumba zilikatazwa na Shirika la Viwango la nchi yetu kwa ajili ya afya, na mimi naona sehemu ya chini ya nguo ya kuogelea haina tofauti na nguo ya ndani. Hiyo nunua mpya, au vaa taiti mpya. Fulana ya juu waweza kuichukua, ukiikagua hivi: ivute kwa mikono miwili kisha iachie. Ikirudi upesi, ni nzima. Ikilegea kama sikio la mbuzi, lastiki imekufa, na ikilowa itakuvuka. Iinue kwenye mwanga uone kama haijachakaa matakoni na kifuani. Inuse. Ukifika nyumbani ifue kwa sabuni na uianike mpaka ikauke kabisa. Usiichemshe wala usiipige pasi, joto huua kitambaa cha kuvutika.

Njia ya tatu ndiyo niipendayo, ya kwenda kwa fundi. Fundi wetu wa cherehani anayeshona sare za shule aweza kushona fulana ya namna hii akipewa kitambaa cha kuvutika, uzi wa nailoni na zipu ya plastiki. Mwambie ashone mshono wa kwenda upande upande, si ulionyoka, maana mshono ulionyoka hukatika kitambaa kikivutika. Na zipu awekee kitambaa nyuma yake, isije ikamkwaruza mtoto shavuni.

Neno moja kwa yule aliyejifungua juzi. Usiingie bwawani kabla damu ya uzazi haijakatika, na kama ulipasuliwa, kabla kidonda hakijafunga vizuri. Kwa wengi ni kama wiki sita. Ukienda kliniki na mtoto, muulize muuguzi. Yeye anakujua, mimi sikujui.

KUNYONYESHA UKINGONI

Sasa lile la pili, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mama wa kwetu hunyonyesha wapi? Hunyonyesha sokoni akipima viazi. Hunyonyesha ndani ya basi kati ya Makambako na Mafinga, amebanwa na abiria pande zote, na mzee aliye karibu naye humsalimu "Kamwene" na kumuuliza mtoto ana miezi mingapi. Hunyonyesha kanisani, na mhubiri hakatizi mahubiri. Marehemu Papa Fransisko, akibatiza watoto katika kanisa la Sistina kule Vatikano Januari 2017, aliwaambia akina mama wawanyonyeshe bila woga watoto wanaolia, kama Mama Maria alivyomnyonyesha Yesu. Ikiwa mahali palipochorwa na Michelangelo titi la mama halikuharibu kitu, sijui litaharibu nini kwenye viti vya plastiki vya bwawa la kuogelea.

Kwetu sisi, titi lenye mtoto halikuwa jambo la kutazamwa. Paja ndilo lililofichwa. Bwawa limetuletea mambo chini juu: paja laruhusiwa, na mtoto mwenye njaa afukuzwa. Wala simsemi msichana wa watu aliyevaa bikini. Nguo yake ni shauri lake na wazazi wake. Nasema tu kwamba mahali panapoweza kuvumilia kitambaa chake kidogo hapawezi kudai kwamba panaona haya kwa ajili ya mama.

Ugomvi huu si wa Mgololo peke yake. Nairobi, Mei 2018, mama mmoja alieleza kwamba katika mkahawa wa katikati ya jiji aliambiwa ajifunike au aende chooni na mtoto wake. Wanawake wa Nairobi hawakunyamaza. Waliandamana mpaka mlangoni pa mkahawa, wengine wakinyonyesha. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Agosti 2019, mbunge wa wanawake wa Kwale, Zuleikha Hassan, aliingia na mtoto wake wa miezi mitano ndani ya Bunge la Kenya kwa kukosa mahali pa kumwacha, akaamriwa kutoka. Na siku hiyo ilikuwa ya mwisho katika wiki ambayo dunia nzima huadhimisha unyonyeshaji! Uingereza wao walilimaliza neno hili kwa sheria ya mwaka 2010: kumfukuza mama anyonyeshaye kutoka dukani, hotelini au bwawani ni kosa.

Sheria yetu nayo haikumsahau mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri kumruhusu mama anyonyeshaye kumlisha mtoto wake wakati wa kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Kweli, hiyo yasema juu ya kazi, haisemi juu ya mabwawa. Lakini fikiri: ikiwa kiwandani au kwenye shamba la chai mwajiri ataachia saa mbili za kazi inayomletea fedha, bwawa la starehe litashindwaje kuachia dakika 15 za kiti ambacho mama amekwisha kulipia?

Na hicho choo! Wewe bwana uliyetuma kijana, chukua sahani yako ya chipsi ukale chooni, kisha njoo utueleze.

Pengine msomaji atasema haya ni mambo madogo. Ningekubali kama tungekuwa tunaishi mkoa mwingine. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022, mkoa wetu wa Iringa ulionekana kuwa na watoto waliodumaa karibu 57 katika kila 100 walio chini ya miaka 5, wakati kwa nchi nzima ni 30. Njombe jirani zetu wana 50. Sisi, wenye mahindi, viazi, maharage na maziwa! Sababu zake ni nyingi, wala sitasema bwawa ni mojawapo. Lakini wataalamu hutuambia mtoto apewe titi peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee nalo pamoja na chakula mpaka miaka 2 na zaidi; na uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania wasiotimiza miezi 6, ni 64 tu wanaopewa titi peke yake. Mama aliyeaibishwa mara moja huanza kubeba chupa. Leo chupa ya bwawani, kesho chupa ya sokoni, kesho kutwa maziwa yamepungua maana titi lisilonyonywa hukauka. Yule mama wa Mgololo aliniambia wazi kwamba wiki ile ile alinunua kopo la maziwa ya unga. Kwa bahati hakulifungua.

Kwa haki, niseme pia yaliyo ya upande wa bwawa. Usinyonyeshe ukiwa ndani ya maji. Sakafu inateleza, mawimbi ya watoto yanaruka, mtoto atameza maji yenye dawa. Toka, jikaushe, kaa kivulini, ndipo umpe. Na ile khanga iliyokatazwa majini sasa ndiyo wakati wake: jitande begani kama wapenda. Nasema kama wapenda. Kujifunika ni hiari ya mama, na kwenye jua kali mtoto asizibwe uso kwa kitambaa akakosa hewa.

MANENO YA MTAANI

Utasikia ati mama akiingia maji baridi maziwa yake hupoa na kumletea mtoto kikohozi. Sivyo. Maziwa hukaa ndani ya mwili, na mwili una joto lake Juni kama Desemba. Kitakachopoa ni ngozi ya juu. Jikaushe, subiri kidogo, mtoto asishtuke kwa titi la barafu. Utasikia pia ati dawa ya bwawa, ile klorini, huingia katika maziwa. Haiingii kwa kuogelea. Inabaki juu ya ngozi, nayo ina ladha mbaya, kwa hiyo jimwagie maji safi kabla ya kunyonyesha. Sabuni kwenye chuchu haina haja, huikausha ikapasuka.

Ila nguo iliyolowa usikae nayo. Ukimaliza kuogelea vaa kavu. Unyevu wa saa nyingi kifuani hualika ukungu, ambao humpata mama chuchuni na mtoto mdomoni, wakapokezana.

Na mtoto mchanga mwenyewe? Mabwawa yetu ya nyanda za juu kwa kawaida hayapashwi moto, na mtoto wa miezi michache hupoteza joto upesi kuliko unavyodhani. Mwache kivulini na fulana yake na kofia. Zamu yake itakuja. Wewe baba usomaye ukurasa huu wa akina mama kwa siri, hapo ndipo kazi yako ilipo: mpokee mtoto, umwachie mkeo nusu saa ya maji. Na kijana akija na ujumbe wake, uwe wewe wa kumjibu, kwa upole, kwamba mtoto anakula na akimaliza atalala.

Yule mama alikwenda kwa fundi Mafinga mwezi Julai. Fulana nyeusi, mikono mpaka viwikoni, zipu mbele, na taiti mpya ya dukani. Safari hii, kabla ya kutoka nyumbani, mumewe alipiga simu kwenye bwawa jingine akauliza kama mama aweza kunyonyesha pale. Aliyepokea alinyamaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa kama jua huchomoza, akasema, "Viti vya kivulini vipo, mzee." Wakaenda Nane Nane. Mama aliogelea, yaani alishika ukingo na kupiga miguu, maana hata hivyo hajui bado. Binti yake mkubwa ndiye anayemfundisha. Mtoto sasa ana miezi minane, na dada aniambia kwamba amekwisha kujua zipu ile inafunguliwaje.